Hatima ya Mhusika ni Mali ya Nani? Mwandishi, Wasomaji na Mfano wa Frere Town

Utangulizi

Abiria anayeshuka katika kituo cha Kengeleni, kwenye bara ya kaskazini ya Mombasa, huwa ameshuka karibu na mnara wa kengele ulioupa mahali hapo jina. Kengele hiyo ni kumbukumbu ya makazi ya Frere Town, yaliyoanzishwa na wamisheni wa CMS kutoka Uingereza kati ya mwaka 1874 na 1875, muda mfupi baada ya Sultani Barghash wa Unguja kuridhia mkataba wa 1873 uliopiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Makazi yaliitwa kwa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyetumwa kuujadili mkataba huo. Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo walionaswa bara, kisha wakaokolewa majahazini na manowari za Kiingereza, waliletwa hapo kuanza maisha upya. Husimuliwa kwamba kengele ililizwa kuwatahadharisha kila ilipohofiwa kwamba wangevamiwa na kurudishwa utumwani.

Watu hao wana nafasi ya pekee katika historia ya fasihi ya Kiswahili. Wao ni mababu wa wasomaji, na papo hapo ni wahusika wa kitabu. Mwaka 1934 James Mbotela, mzaliwa wa jamii hiyo na mtoto wa mmoja wa waliookolewa, alichapisha Uhuru wa Watumwa, masimulizi ya kutekwa, kusafirishwa na kukombolewa kwao. Tangu hapo hatima ya wahusika hao imekuwa na wadai wengi: mwandishi aliyeifunga hadithi yao kwa shukrani, wahakiki waliomlaumu kwa kuifunga hivyo, na wajukuu ambao wao wenyewe ndio mwendelezo wake.

Makala haya yanachunguza swali linalozuka katika hali hiyo: hatima ya mhusika ni mali ya nani? Katika miaka ya karibuni swali hili limesikika zaidi katika uwanja wa fantasia, ambako mashabiki wa vitabu vya mfululizo hujadiliana na waandishi juu ya nani afe na nani aishi. Mjadala utaanzia huko, upitie katika fantasia ya Kiswahili, kisha urejee Kengeleni, mahali ambapo jibu la swali lina uzito mkubwa kuliko furaha au huzuni ya shabiki.

Mwandishi mbele ya mashabiki wake

Mwanzoni mwa Agosti 2006, J. K. Rowling, mwandishi wa mfululizo wa Harry Potter, alisoma sehemu za kazi zake mbele ya hadhira kubwa mjini New York, pamoja na waandishi wenzake Stephen King na John Irving. Vitabu 6 kati ya 7 vilikuwa vimekwisha kutoka, na ilijulikana kwamba cha mwisho kingekuwa na vifo. King na Irving walimsihi hadharani asimuue Harry. Salman Rushdie, aliyekuwa miongoni mwa hadhira, aliuliza kuhusu Snape, mhusika ambaye wema na uovu wake ulikuwa umefumbwa: je, ni mtu mwema au mwovu? Wasomaji wengine walikuwa bado wanatumaini kwamba Dumbledore, mwalimu mkuu aliyeuawa katika kitabu cha 6, angerejea kwa njia fulani. Rowling aliwakatia tamaa: Dumbledore amekufa.

Waliokuwa wakisihi na kuuliza hapo walikuwa ni waandishi wenyewe, watu wanaofahamu fika kwamba mhusika ni maneno juu ya karatasi. Hata hivyo, walizungumza juu ya Harry na Snape kama watu wanavyozungumza juu ya jirani aliyelazwa hospitalini. Hiyo ni dalili ya kwanza ya nguvu ya mhusika aliyeundwa vyema: humfanya hata fundi asahau ufundi.

Baada ya kitabu cha 7 kutoka Julai 2007, Rowling alieleza kwamba Arthur Weasley, aliyekuwa amepangiwa kufa katika kitabu cha 5, alinusurika kwa sababu mwandishi alishindwa kumuua. Na kwamba Lupin na Tonks, ambao hapo awali hakukusudia wafe, walikufa katika kitabu cha mwisho. Kwa hiyo hata mwandishi mwenye ramani kamili ya msuko wake hubadilisha njia akiwa safarini.

Katika maombi yake King alitaja maporomoko ya Reichenbach, na hadhira ikamwelewa. Mwaka 1893 Arthur Conan Doyle, akiwa amechoshwa na mpelelezi wake Sherlock Holmes, alimwangusha katika maporomoko hayo ya Uswisi. Wasomaji walikasirika, wakaandika barua za malalamiko, na wengi wakaacha kulinunua jarida lililochapisha hadithi hizo. Baada ya miaka 10, katika hadithi ya mwaka 1903, Holmes alirudi: ikaelezwa kwamba hakuanguka kamwe. Kisa hiki hakiko mbali na Kiswahili. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ni ndugu wa Holmes kifasihi, na rafiki yake Najum anashika nafasi ya Watson. Abdulla hakumuua mpelelezi wake ili kujinasua. Alichofanya ni kuandika, mwaka 1984, riwaya yenye jina Kosa la Bwana Msa. Kwa msomaji aliyezoea kumwona Bwana Msa akifumbua kila fumbo, neno kosa peke yake lilitosha kuleta taharuki.

Kwa nini fantasia huchochea ubishi

Riwaya ya kihalisia huiazima sheria ya kifo kutoka ulimwenguni. Mhusika akizikwa, msomaji hulia na kunyamaza, kwa kuwa ndivyo mambo yalivyo hata nje ya kitabu. Fantasia haina mkopo huo. Katika ulimwengu ambamo majini husema na watu hugeuzwa wanyama, mwandishi anaposema kwamba fulani hatarudi, msomaji ana haki ya kuuliza: kwa sheria gani?

Jibu ni kwamba kila fantasia hujitungia sheria zake na kujifunga nazo. Katika Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed, marehemu huweza kutoka kaburini na kumkabili mjukuu wake, kiongozi aliyeoza kimaadili. Ufufuo huo unakubalika kwa sababu riwaya nzima imejengwa juu yake. Ufufuo kama huo ungepachikwa mwishoni mwa kisa ambacho hakikuuandalia nafasi, msomaji angehisi ameghilibiwa. Hivyo basi, shabiki anayedai mhusika aokolewe ana mzigo wa ithibati: aonyeshe ni wapi katika matini mlango wa kuokoka uliachwa wazi. Mwandishi naye ana mzigo huohuo anapoua.

Liyongo na sindano ya shaba

Mfano mwafaka wa sheria hiyo katika Kiswahili ni Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ambaye visa vyake vilisimuliwa kwa karne nyingi kabla ya Muhammad Kijuma wa Lamu kuviweka katika utenzi mwaka 1913. Liyongo ana nguvu zisizo za kibinadamu, na hakuna silaha inayomdhuru isipokuwa sindano ya shaba ichomwayo kitovuni. Hiyo ndiyo sheria ya ulimwengu wake. Anapofungwa gerezani, hutoroka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, huku vishindo vya ngoma vikizima sauti ya minyororo inayokatwa. Hadhira hufurahi, na mtunzi hajavunja kanuni yoyote. Lakini mwanawe anapohadaiwa kwa ahadi ya kumwoa binti wa mtawala wa Pate, akamdadisi babake hadi akaijua siri ya sindano, hakuna tena njia ya kumwokoa shujaa bila ya kuivunja sheria iliyomfanya kuwa shujaa.

Hata hivyo, kisa hakiishii pale sindano inapoingia. Liyongo huamka, huchukua upinde wake, huenda karibu na kisima na kupiga goti akiwa ameutega mshale. Na hapo hufa. Watu wa mji wanamwona kwa mbali na kudhani yu hai. Hawathubutu kuteka maji mpaka mamake aletwe kumbembeleza, na mwishowe mwili unaanguka. Naye mwana msaliti hapati mke wala heshima. Anaugua na kufa.

Tukio la kisimani linastahili kuzingatiwa na mwanafunzi wa fasihi. Watu wa mji wanaitazama hatima iliyokwisha kuamuliwa, nao wanaisoma kinyume. Anachokiona msomaji na kilichomo katika matini huweza kutofautiana, na tofauti hiyo ikazaa matendo halisi: mji mzima unakaa na kiu. Aidha, tukio hilo linaonyesha jinsi mapokeo yanavyopatanisha sheria ya hadithi na mapenzi ya hadhira. Hadhira haikutaka Liyongo afe. Sheria ilitaka afe. Mapokeo yakampa kifo cha mtu aliye bado anatisha.

Katika fasihi simulizi upatanisho wa namna hii hufanyika ana kwa ana. Fanani huianza ngano kwa idhini ya hadhira, ambayo huitikia mwito wake kabla neno la kwanza la kisa halijatamkwa, na akipotoka hukatizwa papo hapo. Mwishoni, wasimulizi wengi wa pwani hufunga kwa kauli kwamba hadithi ikiwa njema ni ya wote, na ikiwa mbaya ni ya msimulizi peke yake. Kauli hiyo huchukuliwa kama mazoea ya kufungia tu, lakini ndani yake mna nadharia kamili ya umiliki: lawama ya utunzi hubaki kwa mtunzi, na faida yake hugawanywa.

Shaaban Robert, msomaji aliyebadilisha hatima

Umiliki wa pamoja haukukoma maandishi yalipoingia. Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert ni ushahidi wake. Katika fantasia hiyo, Adili anasalitiwa na ndugu zake wawili, Hasidi na Mwivu, wanaomtosa baharini kwa wivu. Jini Huria, ambaye Adili aliwahi kumwokoa, anawageuza wasaliti hao kuwa manyani na kumwamuru Adili awapige kila usiku. Adili anatii, lakini kwa moyo mzito, mpaka siri yake inapofichuka mbele ya mtawala.

Kisa hiki kina undugu wa karibu na hadithi ya Abdalla bin Fadhil katika Alfu Lela Ulela. Katika hadithi hiyo ndugu wabaya hurudishiwa umbo lao, kisha hurudia uovu na mwishowe huuawa. Shaaban Robert aliiacha njia hiyo. Kwake, Hasidi na Mwivu wanarudi kuwa watu, wanatubu, na udugu unaungwa upya. Hilo ni badiliko kubwa la hatima. Kabla ya kuwa mwandishi wa kisa hiki, Shaaban Robert alikuwa msomaji wake, na kama msomaji hakuridhika na mwisho aliourithi. Hakuishia kulalamika. Aliandika mwisho mwingine na, jambo muhimu zaidi, aliutayarisha tangu mwanzo: huzuni ya Adili kila anapoinua mjeledi ndiyo inayoufanya msamaha wa mwisho uaminike.

Ngazi tatu za hatima

Mifano iliyotangulia inawezesha kutofautisha ngazi tatu ambazo aghalabu huchanganywa katika mijadala ya darasani.

Ngazi ya kwanza ni hatima iliyoandikwa, yaani yale yanayothibitika katika matini. Liyongo anakufa kisimani. Ndugu za Adili wanasamehewa. Anayekana haya hajatoa tafsiri nyingine, bali hajasoma.

Ngazi ya pili ni hatima iliyotamkwa, yaani maelezo anayoyatoa mwandishi nje ya kitabu, katika mahojiano au mihadhara. Wimsatt na Beardsley, katika makala yao ya mwaka 1946, walionya dhidi ya kuifanya nia ya mwandishi kuwa kipimo cha kazi yake. Roland Barthes naye, katika insha ya mwaka 1967, alitangaza kifo cha mwandishi ili msomaji azaliwe. Si lazima kufika mbali kama Barthes. Inatosha kusema kwamba maelezo ya Rowling kuhusu Arthur Weasley yana thamani kwa anayechunguza jinsi kazi ilivyoundwa, lakini hayabadilishi neno hata moja katika kitabu. Mwanafunzi anayeandika kwamba mwandishi alikusudia jambo fulani, asionyeshe jambo hilo limo wapi katika kazi, anaikwea ngazi ya pili bila ya kupitia ya kwanza.

Ngazi ya tatu ni hatima iliyokamilishwa, yaani ile anayoijenga msomaji pale matini inaponyamaza. Wolfgang Iser alieleza kwamba kila kazi huacha mapengo, na kusoma ni kuyajaza. Hasidi na Mwivu waliishije na kumbukumbu ya kuwa manyani? Kitabu hakisemi, na msomaji anaruhusiwa kuwaza, ilmradi jibu lake lisipingane na ngazi ya kwanza.

Katika fantasia, ngazi hii ya tatu mara nyingi huonekana kama mchezo wa mashabiki. Frere Town inaonyesha kwamba yaweza kuwa jambo la haki.

Kurejea Frere Town

Uhuru wa Watumwa si fantasia. Hata hivyo, msuko wake unafuata njia inayofanana na ile ya ngano: kijiji chenye amani, adui anayevamia ghafla, safari ndefu ya mateso, mwokozi anayetokea baharini, na nchi mpya ya usalama. Mwokozi huyo ni manowari ya Kiingereza, na hadithi inafungwa kwa sifa na shukrani kwa Waingereza. Kitabu kilichapishwa London na kikasomwa sana shuleni wakati wa ukoloni. Baada ya uhuru wa 1963, wahakiki wengi walikiona kama utetezi wa mkoloni: mwandishi aliwaonyesha mateso ya minyororo ya zamani, akanyamazia minyororo mipya iliyokuwapo alipokuwa akiandika.

Lawama hiyo ina msingi, lakini inahitaji kupangwa katika ngazi zake. Katika ngazi ya kwanza, hatima ya wahusika ni kukombolewa, na hilo si uwongo. Mtu aliyetolewa katika tumbo la jahazi alikuwa na sababu ya kushukuru, na mtoto wake alikuwa na haki ya kuiandika shukrani hiyo. Katika ngazi ya pili, ni vigumu kumhukumu mwandishi kwa nia yake pasi na kukumbuka nani aliyechapisha vitabu vya Kiswahili mwaka 1934 na ni vitabu gani vilivyoweza kuchapishwa. Ni katika ngazi ya tatu ambapo swali gumu linazuka: nini kiliwapata watu hao baada ya kushuka ufukweni?

Historia inajibu sehemu ya swali hilo. Maisha katika makazi ya misheni yalikuwa na sheria kali, na mapema katika miaka ya 1880 adhabu za viboko zilizotolewa hapo zilizua malalamiko yaliyofika hadi kwa balozi wa Uingereza huko Unguja. Watu wa makabila mbalimbali walilazimika kuunda jamii moja kwa lugha ya Kiswahili na dini waliyoikuta hapo. Watoto wao walipata elimu mapema kuliko wengi, wakawa walimu, makarani na wahubiri, lakini walibaki na swali la asili katika nchi ambayo mtu huulizwa kwanza kabila lake. Katika ukoo wa Mbotela wenyewe, Tom Mbotela alikuwa kiongozi katika chama cha KAU na aliuawa Nairobi mwaka 1952. Mtaa mmoja wa jiji hilo una jina la Mbotela. Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Frere Town mwaka 1940, alikuwa mmoja wa watangazaji mashuhuri wa Kenya hadi kufariki kwake mwaka 2025, na kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? kiliwauliza wasikilizaji kwa miongo mingi iwapo mienendo yao ni ya kiungwana.

Neno hilo ungwana lina historia yake. Katika Kiswahili cha pwani ya zamani, muungwana alikuwa kinyume cha mtumwa. Kwamba mzawa wa kizazi cha waliokuwa watumwa alikuja kuwa ndiye anayelifafanulia taifa maana ya ungwana ni mwendelezo ambao Uhuru wa Watumwa haukuweza kuuandika, kwani ulikuwa haujatokea. Hakuna mhakiki aliyeubuni wala shabiki aliyeuomba. Umetokana na wahusika kuendelea kuishi baada ya ukurasa wa mwisho.

Hapa ndipo mfano wa Frere Town unapotengana na ule wa New York. Harry hana wajukuu watakaokana au kuthibitisha alichoandikiwa. Wahusika wa Mbotela wanao. Wanaposoma kwamba hadithi iliisha kwa uhuru na shukrani, wana haki ya kusema kwamba huo ulikuwa mwisho wa sura moja. Wahenga walinena: mwenye kovu usidhani kapoa. Vilevile wana haki ya kuwajibu wahakiki waliokipuuza kitabu kizima, kwani bila ya Mbotela, mengi ya masimulizi ya wazee waliookolewa yangezikwa pamoja nao.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hatima ya mhusika haina mmiliki mmoja. Yaliyoandikwa ni ya matini, na yanamfunga mwandishi kama yanavyomfunga msomaji. Maelezo ya mwandishi nje ya kazi ni ushahidi miongoni mwa ushahidi mwingine. Palipoachwa kimya ni pa msomaji, kwa sharti kwamba ajenge juu ya kilichomo. Shaaban Robert alitumia haki hiyo kuwaokoa ndugu waliohukumiwa. Hadhira ya Liyongo iliitumia kumpa shujaa wake kifo cha heshima.

Kwa mwanafunzi na mhadhiri wa Kiswahili, kazi iliyosalia ni ya uwanjani. Masimulizi ya familia za Frere Town na ya jirani zao wa Rabai yanahitaji kukusanywa na kusomwa sambamba na Uhuru wa Watumwa, si ili kukisahihisha kitabu, bali ili ukurasa wake wa mwisho upate majibu ya wale unaowahusu. Fanani alikwisha kukiri kwamba hadithi ikiwa njema ni ya wote. Wale ambao hadithi hii ni yao kwa damu bado hawajaulizwa vya kutosha iwapo ni njema.